Mguu Umepona, Mbona Mtoto Analia Usiku?

Na afikiriwe mtoto wa miaka minne akaaye katika kijiji kimoja karibu na Mwatate. Msimu wa maembe ulipofika alimfuata kaka yake mtini, akaanguka, na mfupa wa muundi ukavunjika. Alipelekwa hospitali kuu ya kaunti iliyoko Voi, mguu ukapigwa picha ya eksirei, ukafungwa plasta, na baada ya majuma sita plasta ikaondolewa. Picha ya pili ilionyesha ya kuwa mfupa umeunga barabara. Wazazi walishukuru, wakapanda matatu kurudi kwao, na kila mtu akadhani ya kwamba habari imekwisha.

Kumbe haijaisha. Mwezi mmoja baadaye, yapata saa nne ya usiku, mtoto aliamka akilia, ameshika mguu wake. Mama akamkanda kidogo, akalala. Siku mbili zikapita kimya. Usiku wa tatu akalia tena. Lakini asubuhi yake alikuwa wa kwanza kutoka nje kuwafukuza kuku. Baba akasema, "Anadeka tu. Hospitalini alizoea kubebwa." Nyanya yake akasema kwamba mfupa ulifungwa vibaya, na yafaa aitwe mzee ajuaye kukanda mifupa. Jirani naye, kwa wema wake, akaleta kidonge cha aspirini alichobakiwa nacho.

Mtoto huyo ni wa mfano tu, lakini nyumba za namna hiyo zipo, toka Taveta hata Kasigau. Baba, nyanya na jirani wote wana nia njema, na huenda wote watatu wamekosea. Yafaa mzazi ajue maumivu hayo yatoka wapi, hutulizwa kwa njia gani, na hasa ni dalili zipi zinazoonyesha kwamba si maumivu ya kutulizwa nyumbani.

Kwanza, mfupa wenyewe. Mfupa wa mtoto si mfupa wa mtu mzima uliofanywa mdogo. Ni laini zaidi, na umezungushiwa utando mnene wenye damu nyingi. Mara kwa mara haukatiki kabisa, bali hupinda na kupasuka upande mmoja kama kijiti kibichi. Kwa sababu ya utando huo na damu hiyo, huunga upesi. Muundi wa mtoto wa miaka minne huweza kuwa imara kwa majuma sita hivi, ambapo mfupa huo huo wa baba yake ungehitaji miezi mitatu au minne, na pengine zaidi.

Mahali palipovunjika damu hujikusanya, kisha hutokea nyama laini, kisha mfupa mpya unaozunguka ufa kama fundo la mwanzi. Fundo hilo laweza kushikwa kwa kidole kwa miezi mingi, na wazazi wengi huliogopa wakidhani kwamba ni dalili ya kuungwa vibaya. Sivyo. Ni kiraka ambacho mwili umekitia, na mwaka mmoja au miwili ikipita mwili wenyewe hukipunguza hata kisionekane. Kwa hiyo daktari asemapo "umepona", maana yake ni kwamba mfupa una nguvu ya kutosha kumchukua mtoto. Hasemi kwamba mguu umerudi kuwa kama ulivyokuwa.

Tena mguu si mfupa peke yake. Majuma sita ndani ya plasta misuli haina kazi. Plasta ikiondolewa, mama huona ya kuwa shavu la mguu limekonda, ngozi imekauka na ina magamba, na kifundo cha mguu ni kigumu. Mtoto huchechemea, na kwa majuma machache jambo hilo ni la kawaida. Halafu, kwa kuwa ni mtoto, hajui kupumzika. Mtu mzima aliyetoka plasta hupima hatua zake. Mtoto hukimbia mpaka aanguke. Kule vilimani, Wundanyi, Mgange au Werugha, njia ya kwenda kisimani tu ni kupanda na kushuka. Misuli dhaifu huvutwa mchana kutwa, na mguu mzima nao hubeba mzigo wa mwenzake. Ndiyo maana mtoto aliyevunjika mguu wa kulia huweza kulia kwa ajili ya mguu wa kushoto, na mzazi akashangaa.

Basi kwa nini usiku? Mchana mtoto ana kuku, ana mpira wa matambara, ana wenzake. Maumivu madogo hayapati nafasi katika moyo wake. Usiku hana jambo jingine la kufikiri ila mguu. Uchovu wa mchana umekwisha kukusanyika. Vilimani baridi huingia, na misuli iliyochoka hukakamaa. Na lipo jambo jingine ambalo wazazi hulisahau: mtoto huyo alipata kuumia kweli, akalala mahali pageni, watu asiowajua wakamshika mguu wakauvuta. Maumivu madogo ya usiku humkumbusha maumivu makubwa. Kilio chake huwa nusu mguu na nusu hofu. Baba wa mfano wetu hakukosea kabisa aliposema kwamba mtoto ataka kubebwa. Alikosea kudhani kwamba kutaka kubebwa ni uongo.

Hata watoto wasiopata kuvunjika kamwe hulia hivyo. Wenye umri wa miaka 3 hadi 12 wengi huumwa miguu jioni au usiku, nayo huitwa maumivu ya kukua. Jina hilo ni la zamani. Daktari wa Ufaransa, Marcel Duchamp, aliandika juu yake mwaka 1823. Lakini ni jina lisilo sawa. Mtoto wa umri huo hurefuka kama sentimita 6 kwa mwaka, yaani haifiki hata robo ya milimita kwa siku, na hakuna awezaye kuusikia mwendo wa polepole hivyo. Isitoshe, watoto wakuao upesi kuliko wote ni wale wachanga na wale wanaobalehe, wala si hao walalamikao. Madaktari wengi siku hizi hudhani kwamba chanzo chake ni misuli iliyochoka. Maumivu hayo hushika mapaja, mashavu ya miguu au nyuma ya magoti, mara nyingi miguu yote miwili. Huja na kwenda. Na asubuhi hayapo.

Asubuhi hayapo: hilo ndilo neno kubwa katika habari hii yote. Mzazi asiyeweza kutambua usiku kama jambo ni jepesi au zito, na angoje kupambazuke amtazame mtoto akitoka nje. Kama anatembea kama jana, anaruka, anacheza, anakula, na mguu haukuvimba wala hauna joto, yaelekea maumivu yale ni ya uchovu. Kama anachechemea kuliko jana, au anakataa kukanyaga, au anatambaa ilhali alikuwa ameanza kutembea, basi haifai kungoja usiku mwingine. Lakini mtoto mwenye homa kali au mguu uliovimba hangojewi hata hiyo asubuhi.

Sasa kilio kimeanza, na mama ameamka. Jambo la kwanza si kukanda, bali ni kuwasha taa na kuutazama mguu. Autazame pamoja na ule wa pili, maana tofauti huonekana upesi viwekwapo viwili pamoja. Aweke kiganja juu ya ngozi asikie kama pana joto. Amwulize mtoto, "Wapi, mwanangu? Nionyeshe kwa kidole kimoja." Mtoto mwenye uchovu wa misuli hupapasa mguu mzima, leo hapa, kesho pale. Mtoto ambaye kila usiku huelekeza kidole mahali pale pale ana jambo la kuchunguzwa na daktari.

Akiisha kuridhika, na akande. Mkono uwe na mafuta kidogo, ya nazi au mengine yasiyochoma, nao uende polepole kwa kiganja chote, juu ya nyama za shavu la mguu na paja, si juu ya mfupa wala mahali palipovunjika. Dakika tano hadi kumi zatosha. Mtoto mwenye maumivu ya uchovu hupenda kukandwa na hutulia. Yule aondoaye mguu kwa nguvu akiguswa anatoa habari muhimu, na mzazi asiendelee. Dawa za kupaka zenye ukali, ambazo watu wazima hutumia kwa mgongo na viuno, hazifai kwa mtoto mdogo: huunguza ngozi, na mtoto hufikicha macho kwa mkono uliogusa mguu.

Joto nalo husaidia. Kitambaa kilichotiwa katika maji ya moto, kikakamuliwa, kikafungwa juu ya misuli, huilegeza. Kwanza mama akiweke ndani ya mkono wake mwenyewe; kikimchoma yeye, kitamwunguza mtoto. Chupa ya maji ya moto isiachwe kitandani. Na jiko la makaa lisiingizwe chumbani kwa kusudi la kumpasha mtoto joto, hata kule Wesu na Vuria usiku uwapo wa baridi kali, kwa kuwa makaa katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu wamelala wasiamke tena. Blanketi moja zaidi na soksi ndefu zafaa kuliko jiko.

Iwapo kukanda na joto havikutosha, dawa ya kumpa ni parasetamoli. Kipimo chake hufuata uzito, wala si umri: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja ya mtoto. Dawa ya maji iliyo ya kawaida ina miligramu 120 katika mililita 5, lakini zipo zenye nguvu zaidi, kwa hiyo chupa isomwe kila inunuliwapo. Mtoto wa kilo 16 akipewa mililita 7.5 za dawa hiyo ya 120 atakuwa amepata miligramu 180, nacho ni kipimo cha kati. Asipewe tena kabla ya saa sita kupita, wala zaidi ya mara nne kwa usiku na mchana. Kipimo kipitishwacho huharibu ini, na uharibifu huo hauonekani siku ile ile. Wasiojua uzito wa mtoto wao wamwombe mhamasishaji wa afya wa kijijini. Tangu mwaka 2023 wahudumu hao wamegawiwa mikoba yenye mizani na kipimajoto. Na mtoto ahitajiye parasetamoli usiku kwa usiku, karibu juma zima, si mtoto wa kuongezewa chupa ya pili. Ni mtoto wa kupelekwa hospitali.

Kile kidonge cha jirani kirudishwe kwa shukrani. Mwaka 1963 Douglas Reye, daktari wa Sydney, Australia, alieleza ugonjwa unaoshika ubongo na ini la watoto, na baadaye ulionekana ukiwapata hasa watoto waliopewa aspirini walipokuwa na mafua au tetekuwanga. Uingereza ilizuia aspirini kwa watoto wa chini ya miaka 12 mwaka 1986, na mwaka 2002 ikaupandisha umri huo hadi miaka 16. Daktari huweza kumpa mtoto aspirini kwa ugonjwa maalumu; mzazi asimpe kwa maumivu ya mguu.

Yako pia mazoezi ambayo huzuia kilio kabla hakijaanza. Baxter na Dulberg walichapisha mwaka 1988 habari za watoto wenye maumivu ya usiku ambao wazazi wao waliwanyoosha misuli asubuhi na jioni. Waliacha kulia upesi kuliko wale ambao wazazi walipewa maneno ya kuwatuliza tu. Mtoto hulala chali, goti limenyooka. Mzazi hushika kisigino, akavielekeza vidole vya mguu polepole kuelekea uso wa mtoto mpaka misuli ya nyuma ivutike bila kuuma, akahesabu hadi ishirini, akaachia. Mara tatu mguu huu, mara tatu ule. Mtoto hulifanya mchezo akiruhusiwa kuhesabu mwenyewe, hata akiruka kutoka saba hadi kumi na moja. Kwa mtoto aliyetoka plasta karibuni, mzazi aulize kwanza hospitalini, ili mtaalamu wa mazoezi ya viungo amwonyeshe kiasi cha kuvuta.

Kuhusu mzee wa kukanda mifupa, yapasa kusema kwa heshima, maana wazee hao wamewasaidia watu tangu kabla ya reli kufika Voi, na mikono yao mara nyingi ina ujuzi. Lakini mfupa ulioungwa miezi miwili iliyopita bado ni mfupa mpya. Ukivutwa na kupindwa kwa nguvu "ili unyooke" waweza kuvunjika tena. Na kama chini ya ngozi kuna usaha, kukanda kwa nguvu kwaweza kuueneza, na chale zaweza kuongeza mwingine. Nyanya aweza kuambiwa hivi bila kumvunjia heshima: "Nyanya, picha imeonyesha umeunga. Mkande wewe, kwa mkono wako mwepesi." Mara nyingi alilolitaka hasa lilikuwa asiachwe nje ya shauri.

Yabaki maumivu yasiyo ya kutulizwa nyumbani, nayo ndiyo sababu ya kuandika haya yote. Homa pamoja na mguu unaouma, uliovimba au wenye joto, huweza kuwa usaha ndani ya mfupa. Ugonjwa huo wataka dawa ya sindano siku ile ile, maana ukicheleweshwa hula mfupa, na mtoto huweza kubaki kilema. Aliyetiwa chuma au aliyekuwa na kidonda mfupa ulipovunjika yuko karibu zaidi na hatari hiyo. Kuchechemea kunakozidi polepole kwa majuma, pamoja na kukonda na homa ndogo za jioni, huweza kuwa kifua kikuu, kwa kuwa ugonjwa huo haukai kifuani tu. Hushika nyonga, goti na uti wa mgongo. Maumivu ya mahali pamoja yanayozidi juma kwa juma, au uvimbe mgumu unaokua mbali na lile fundo la kuunga, au mtoto aliyepauka, mwenye mavilio ya damu yasiyo na sababu na ufizi utokao damu: hao wote waonwe na daktari bila kuchelewa, kwa maana saratani ya mfupa na ya damu huanza kwa kilio cha namna hiyo. Ni magonjwa machache sana, lakini tofauti ya kuyajua mapema na kuyajua baadaye ni kubwa.

Ugonjwa mmoja watajwa peke yake kwa ajili ya mahali hapa. Ni selimundu, ugonjwa wa damu ambao chembe zake hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Huonekana zaidi katika nchi zilizokuwa na malaria nyingi, kwa kuwa mtu aliyerithi sehemu moja tu, kutoka kwa mzazi mmoja, hupata kinga fulani ya malaria. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili ndiye augue. Kenya uko hasa pwani na magharibi. Na uwanda wa Taveta ulijulikana sana kwa malaria, hata miaka ya 1950 ukachaguliwa pamoja na Pare ya Kusini, ng'ambo ya mpaka, kwa kazi ya kunyunyizia nyumba dawa ya dieldrini. Mtoto mwenye selimundu huumwa mifupa vikali, mchana na usiku. Alipokuwa mchanga pengine mikono na miguu yake ilipata kuvimba. Macho huwa ya manjano na damu haimtoshi. Wazazi waweza kudhani mwaka mzima kwamba ni lile anguko la mwembeni. Kipimo cha damu hukata shauri, na mtoto akijulikana mapema hupata dawa za kumlinda.

Pamoja na hayo, wazazi wasiogope kila tofauti. Mtoto wa miaka 2 hadi 10 aliyevunjika paja, mguu ule huweza kukua upesi kuliko mwenzake mwaka mmoja au miwili, ukazidi kama sentimita moja, kwa sababu damu nyingi ilikwenda kuponya. Madaktari hulijua hilo, na pengine huacha ncha za mfupa zipandane kidogo kwa makusudi. Tofauti ya kiasi hicho kwa kawaida haimwumizi mtoto. Habari ya chakula nayo ni fupi: maziwa, maharagwe, mchicha, dagaa wanaoliwa na mifupa yake, samaki wa Ziwa Jipe kwa walio karibu, kimanga cha nyumbani, na jua, ambalo Voi halihitaji kutafutwa.

Anayekwenda hospitalini, iwe Voi, Wesu, Mwatate au Taveta, achukue karatasi zote za zamani na picha za eksirei, zisizokunjwa. Achukue pia daftari. Kila usiku mtoto aliapo, mzazi aandike tarehe, saa, mguu upi, mahali gani, homa ilikuwapo au la, nini kilimtuliza, na asubuhi alitembeaje. Mistari kumi ya daftari hilo humsaidia daktari kuliko maneno "analia kila siku", ambayo husemwa na mama aliyekosa usingizi na ambayo mara nyingi si kweli.

Mtoto wa Mwatate, tukirudi kwake, angekuwa na daftari kama hilo. Juma la kwanza lingekuwa na mistari mitatu, yote miguu miwili, yote bila homa, kila asubuhi "alikimbia". Juma la nne mstari mmoja. Mwezi wa tatu kurasa zingebaki tupu, na kaka yake angelichukua daftari akaliandikia hesabu za shule.